Kwa nini Waswidi wanatia sukari kwenye samaki wa siki? Mliokaa huko njooni

Mtanga wa Göteborg · #1

Wakuu, salaam. Nina swali limenikaa kooni tangu Ijumaa.

Mwaka huu ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa meza moja na wakwe siku ya Midsommar, ule mkesha wa kiangazi ambao Waswidi huuweka Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Kwao ni Bohuslän, pwani ya magharibi. Meza ndefu nje kwenye majani, viazi vipya vidogo vimechemshwa na majani ya dill, bakuli la krimu chachu, na mitungi mitano ya samaki wanayemwita sill. Ndiye heringi. Mmoja una vitunguu, mmoja haradali, mmoja mzizi fulani mkali unaopanda puani, na miwili sikuielewa.

Mimi nimekulia Tanga. Samaki nimemla wa kupaka, wa kukaanga, wa nazi, ng'onda na papa. Ndimu na siki juu ya samaki si jambo geni kwangu. Lakini kipande cha kwanza nilipotia mdomoni nikakutana na sukari. Utamu wa wazi kabisa, kama samaki kalala kwenye sharubati.

Nikauliza kwa adabu. Mama mkwe akasema sill ndivyo ilivyo. Baba mkwe akasema ni kwa ajili ya snaps, ile pombe yao kali. Shemeji akasema ni mambo ya kabla ya friji. Majibu matatu meza moja, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Sukari ilifikaje kwa samaki?

Kapungu · #2

Pole mkuu. Si ndiyo yale makopo yanayovimba? Nimeona video watu wanafungua wanakimbia.

Mzee wa Kalmar · #3

Kapungu, hapana, na naomba tulinyooshe hili mapema maana kila uzi wa Uswidi huishia hapo.

Kopo linalovimba ni surströmming. Hiyo ni ya kaskazini, Ghuba ya Bothnia. Samaki huwekwa kwenye maji ya chumvi yasiyo makali sana, anachachuka kwa bakteria ndani ya pipa, kisha anaingizwa kwenye kopo akiwa bado anachachuka, ndiyo maana kopo linajaa gesi. Halina siki wala sukari. Msimu wake huanza Alhamisi ya tatu ya Agosti. Zamani ilikuwa amri ya serikali asiuzwe kabla, sasa ni desturi. Mwaka 2006 Air France na British Airways waliyakataza makopo hayo ndegeni kwa sababu ya msukumo wa ndani.

Alichokula Mtanga ni inlagd sill. Samaki wa chumvi aliyerowekwa kwenye maji, kisha akalazwa kwenye siki, sukari na viungo. Harufu yake haimkimbizi mtu. Ni vitu viwili tofauti kama achari na uozo wa embe chini ya mti.

Kapungu · #4

Nimeelewa mzee wangu. Ila samaki si yuleyule?

Mzee wa Kalmar · #5

Spishi ni moja, majina mawili. Anayevuliwa kaskazini ya Kalmar, mji wa pwani ya mashariki, anaitwa strömming, kusini na magharibi anaitwa sill. Nimeishi hapa mpakani miaka 31 na bado watu wanabishana mstari unapita wapi hasa. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, hivyo strömming ni mdogo na hana mafuta mengi. Wa magharibi ni mkubwa, mnono. Anayeingia kwenye mitungi ya siki mara nyingi ni huyo mnono.

DadaMtwapa · #6

Naja na jibu la jikoni. Nilifanya kazi miaka minne kwenye jiko la hoteli huko Stockholm. Mchanganyiko wenyewe unaitwa moja-mbili-tatu: siki kipimo kimoja, sukari viwili, maji vitatu. Mtoto wa shule anaujua kwa moyo.

Sasa siki yao si hii yetu ya chupa ya dukani. Ättika wanayotumia ni ya asilimia 12, na ipo hata ya 24. Ukiinusa machozi yanatoka. Kwa hiyo sukari ipo pale kuituliza siki. Toa sukari uone kama utameza.

Fundi Chumvi · #7

Dada hapo umeanzia mwisho wa hadithi. Siki ni jambo la baadaye. Mwanzo wa yote ni chumvi.

Karne za kati, kule Skanör na Falsterbo, kusini kabisa, heringi walikuwa wanakuja kila mwisho wa kiangazi kwa wingi usiosemeka. Wafanyabiashara wa Lübeck, Ujerumani, wakaleta chumvi ya Lüneburg, nako ni Ujerumani, samaki akatumbuliwa, akapangwa kwenye mapipa tabaka kwa tabaka, akauzwa Ulaya nzima. Ulaya wakati ule ni ya Kikatoliki, siku za mfungo ni nyingi, nyama hairuhusiwi. Heringi wa pipa ndiye aliyewalisha.

Samaki wa pipa hilo ana chumvi ya kuunguza ulimi. Unamroweka usiku kucha, unabadilisha maji, na bado chumvi imebaki. Sukari inaingia hapo. Ni ya kupambana na chumvi. Hata siki isingekuwepo, sukari ingehitajika.

Lubum-Uppsala · #8

Jambo wote. Miye ni wa Lubumbashi, niko Uppsala na familia yangu.

Fundi anasema kweli juu ya kuroweka. Kwetu Kongo tuko na makayabu, samaki ya chumvi yenye kutoka bahari za kaskazini, unaiweka ndani ya maji usiku mzima, asubui unamwaga, unaweka mengine. Siku ya kwanza nilimuona jirani yangu Muswidi anafanya ile kazi na sill, nilicheka kwa furaha. Nilimwambia, mama yangu naye anafanya hivi hivi.

Lakini sisi kisha hapo tunapika na nyanya, vitunguu, pilipili. Sukari hakuna. Na chumvi ya makayabu ni kali sana. Sasa kama ni chumvi ndiyo inaita sukari, mbona kwetu haikuita?

Mtanga wa Göteborg · #9

Hoja nzito ya ndugu yetu wa Lubumbashi. Hata ng'onda na papa wetu tunawaroweka na hakuna anayekumbuka sukari. Fundi, unajibuje?

Fundi Chumvi · #10

Najibu kwamba nyinyi mnampika. Nyanya na nazi vina utamu wake, tui ndilo linalokula chumvi. Mswidi anamla baridi, bila moto. Hana nazi, hana nyanya za kutosha, ana kitunguu tu.

BintiPemba · #11

Assalaam alaikum. Mie naomba tuingie kwenye viungo, kwa sababu hapo ndipo nilipopigwa na mshangao.

Nilipewa mtungi wa sill ya Krismasi na mwalimu wangu wa Kiswidi. Nikaugeuza geuza dirishani, ndani nikaona vijiti vidogo vyeusi vyenye vichwa. Karafuu! Wenyewe wanaiita kryddnejlika. Niliketi nayo mkononi muda mrefu. Babu yangu alikuwa mwanikaji karafuu Wete, na karne ya 19 karafuu nyingi ya dunia ilitoka Unguja na Pemba. Sasa ipo kwenye samaki wa theluji.

Na kuna yale makopo ya samaki wadogo wanaowaita ansjovis. Nikauliza viungo vyake nikatajiwa mdalasini, tangawizi, na sandali. Sandali ya liwa hii tunayojipaka! Samaki wa liwa jamani.

Mzee wa Kalmar · #12

Bibie BintiPemba, sandali yao ni ile nyekundu ya Uhindi, mti mwingine na huu wa liwa. Wanaitia kwa ajili ya rangi zaidi ya harufu. Ndiyo inayompa samaki yule wekundu wa kahawia.

Kiungo kikuu cha sill kwenyewe ni kryddpeppar, mbegu za duara za Jamaika zinazonukia karafuu na mdalasini kwa pamoja. Ule mzizi wa puani aliousema Mtanga unaitwa pepparrot, na mtungi wake ni glasmästarsill, sill ya fundi vioo: vipande vyenye ngozi vinapangwa na karoti na vitunguu vyekundu kwenye mtungi wa kioo, inapendeza macho.

Mama Wawili · #13

Jamani kwa kuwa ansjovis imetajwa, nitoe yangu ili mwingine asilie kama nilivyolia.

Krismasi yangu ya pili hapa nilitaka kuwashangaza wageni na Janssons frestelse. Viazi vinakatwa vijiti, vitunguu, krimu, samaki katikati, unaoka. Maelekezo yanasema ansjovis. Nikaenda duka la vyakula vya Kiitaliano nikanunua anchovi halisi, ghali. Ikatoka chumvi tupu, wageni wakanywa maji jagi mbili.

Ansjovis ya Kiswidi SI anchovi. Ni skarpsill, kidagaa wa jamii ya heringi, kalazwa kwenye sukari na viungo. Utamu wake ndio unaokwenda na viazi. Anchovi ya Kiitaliano wao wanaiita sardell. Andikeni ukutani.

Kapungu · #14

Kwa hiyo hata yule kidagaa kapewa sukari? Hawa watu wanampa sukari kila aogeleaye.

Mama Wawili · #15

Ndiyo hoja yangu Kapungu, umeniwahi. Siyo samaki peke yake. Mkate wao wa limpa una sharubati ya sukari. Haradali yao tamu. Nyama za mviringo, köttbullar, zinakuja na jamu ya lingon, vitunda vyekundu vya porini. Hata soseji ya damu wanaipaka jamu. Ukiangalia meza nzima, samaki mtamu hashangazi. Ulimi wao umezoea chumvi na sukari kukaa sahani moja. Kumuuliza samaki pekee ni kumwonea.

Nahodha wa Kigamboni · #16

Wakuu, jibu ni rahisi. Uswidi ilikuwa na koloni la sukari Karibiani, Saint-Barthélemy. Wakajaa sukari wakaanza kuitia kila kitu.

Fundi Chumvi · #17

Nahodha, koloni lilikuwepo, kuanzia 1784 hadi 1878. Lakini kisiwa kile ni kidogo na kikavu, miwa haikushamiri. Kilikuwa bandari huru ya biashara, na watumwa waliuzwa pale, hilo lisifunikwe. Ila mashamba ya kuijaza Uswidi sukari hayakuwepo.

Sukari iliyofika kwa mkulima wa kawaida ni ya viazisukari. Karne ya 19 viwanda vikaanza Skåne, jimbo la kusini, bei ikashuka. Kabla ya hapo sukari ilikuwa pande gumu lenye umbo la pia, linafungiwa kabatini, ufunguo anao mama mwenye nyumba.

DadaMtwapa · #18

Haya sasa Fundi, umejifunga mwenyewe. Kama mkulima hakuwa na sukari hadi karne ya 19, na pipa la chumvi lipo tangu karne za kati, basi miaka mamia walikula samaki wa chumvi bila sukari na hawakufa. Kwa hiyo chumvi haikuita sukari.

Fundi Chumvi · #19

Hawakuwa nayo, dada. Kutokuwa nacho si kutokukihitaji.

Lubum-Uppsala · #20

Hapa dada amemufunga kabisa 😄

Mtanga wa Göteborg · #21

Naleta habari mpya kutoka nyumbani. Jana nimempigia bibi yake mke wangu, ana miaka 92, kazaliwa na kukulia visiwani Bohuslän, baba yake mvuvi. Nilimuuliza lilelile.

Akaniambia utotoni sill ilikuwa chakula cha siku za kazi. Samaki wa chumvi na viazi, au kakaangwa na kitunguu, asubuhi, mchana, jioni. Sukari haikuwemo. Ile ya siki na sukari ilitengenezwa kwa sikukuu: Krismasi, Pasaka, Midsommar. Anasema mama yake alipima sukari kwa kikombe cha kahawa akiwa amekaa, hakuwahi kuipima akiwa amesimama, asije akaimwaga.

Kwa maneno yake, sukari ndiyo iliyomfanya samaki wa jana awe wa sikukuu.

Akanieleza pia juu ya miaka mikubwa ya sill. Pwani ile heringi huja kwa vipindi. Kimoja kikubwa kilianza 1747 kikaisha 1809. Watu walihamia visiwani kwa maelfu, samaki waliobaki wakachemshwa kwenye masufuria makubwa kutoa mafuta ya samaki ya kuwashia taa. Kisha samaki akaondoka, na umaskini ukashika. Akarudi tena 1877 hadi 1906. Babu zake bibi walikuwepo kipindi hicho cha pili. Alipokuwa akisimulia, aliongea kama samaki ni mgeni wa familia aliyeacha kuja.

BintiPemba · #22

Mwambie bibi salamu zake kutoka Pemba. Hilo la kikombe cha kahawa nimeliona kwa macho kabisa. Kwetu ghee ya sikukuu ilipimwa hivyohivyo.

Mzee wa Kalmar · #23

Bibi kasema kweli, ila nami nimtetee baba mkwe wake Mtanga aliyesema snaps. Sill, viazi na snaps ni mafiga matatu. Kiazi kilichelewa sana kukubalika Uswidi. Mwaka 1746 Eva Ekeblad alionyesha namna ya kutoa unga na pombe kwenye viazi, na 1748 akachaguliwa kuingia Chuo cha Kifalme cha Sayansi, mwanamke wa kwanza. Baada ya hapo kiazi kikapanda chati, kwa ajili ya chupa kwanza na sahani baadaye. Pombe ile ni kali, ina uchungu wa mbegu. Tonge la chumvi na sukari linaandaa koo. Wanaokunywa wote wanasema hivyo.

BintiPemba · #24

Sie tusiokunywa tunakula sill na viazi vilevile, na ni tamu vilevile. Nadharia ya snaps inatuacha wengi nje ya meza, mzee wangu.

Nahodha wa Kigamboni · #25

Nimekubali kusahihishwa kuhusu koloni. Lakini Waholanzi je? Nao wana maatjes, nao watamu?

DadaMtwapa · #26

Si watamu. Maatjes ya Kiholanzi ni heringi mchanga mnono, katiwa chumvi kidogo, kongosho linaachwa ndani makusudi ili vimeng'enya vyake vimlainishe. Utamu unaousikia ni wa mafuta. Mswidi kachukua jina, anaita matjessill, akaongeza sukari na viungo. Ndiyo inayoliwa zaidi Midsommar. Kwa hiyo mmoja kati ya ile miwili asiyoielewa Mtanga bila shaka ndio huo, wa kahawia.

Kapungu · #27

Nje ya mada kidogo: ni kweli ABBA wa muziki walichukua jina kwa kiwanda cha sill?

Mama Wawili · #28

Jina lao ni herufi za mwanzo za majina yao wanne: Agnetha, Björn, Benny, Anni-Frid. Lakini kiwanda cha Abba kilikuwa na jina hilo tangu mwanzo wa karne ya 20, ikabidi waombe ridhaa. Turudi kwenye samaki.

Na nina jambo la maana kuliko sukari. Wenye watoto wadogo na akina mama wanaotarajia kuzaa: strömming wa Baltiki ana dioksini, ni sumu. Mamlaka ya chakula ya Uswidi inashauri watoto na wanawake wa umri wa kuzaa wasimle zaidi ya mara mbili tatu kwa mwaka. Mimi nilimpa mwanangu wa kwanza kila wiki kwa kuwa alikuwa rahisi na mtamu wa kukaanga, hadi mkunga aliponieleza. Iliniuma sana. Heringi wa Atlantiki aliye kwenye mitungi hayumo kwenye onyo hilo. Someni lebo amevuliwa wapi.

Mzee wa Kalmar · #29

Asante kwa hilo, dada. Niongeze na jingine linalonichoma. Strömming mwenyewe anapungua. Meli kubwa zinamzoa kwa ajili ya kusagwa unga wa chakula cha samaki wa kufugwa, wakati wavuvi wadogo wa pwani wanarudi na nyavu tupu. Watengenezaji wa surströmming wamepata misimu ya kukosa samaki. Mnajadili sukari, hapa pembeni yangu watu wanajadili kama wajukuu watamwona samaki wenyewe.

Kijana wa Kirumba · #30

Mzee hilo la unga wa mifugo hata sisi Mwanza tunalijua. Dagaa wetu nao wanagombewa na viwanda vya chakula cha kuku.

Samahani, naweza kutengeneza hii kitu na samaki wa ziwa?

DadaMtwapa · #31

Usijaribu na samaki mbichi wa ziwa, mdogo wangu. Siki haiui minyoo. Hata heringi wa kuliwa bila moto huko Ulaya lazima agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24. Friza za nyumbani nyingi hazifiki hapo, mwache siku kadhaa.

Na siki ya Bongo na Kenya kwa kawaida ni kama asilimia 5. Ukifuata moja-mbili-tatu kwa siki hiyo unapata maji ya sukari. Hesabu yake: siki 2.4, sukari 2, maji 1.6. Ukali unarudi palepale. Na mtungi unakaa kwenye friji, siyo kabatini.

Mimi nina vibua kwenye friza tangu wiki iliyopita. Nitawatia chumvi leo.

Fundi Chumvi · #32

Siku ngapi kwenye chumvi?

DadaMtwapa · #33

Wiki moja. Kisha usiku mmoja kwenye maji. Kisha siku tatu kwenye siki. Nitarudi.

DadaMtwapa · #34

Nimerudi. Nilitengeneza mitungi miwili, mmoja kwa kipimo kamili na karafuu tatu za BintiPemba, mwingine nimepunguza sukari iwe kipimo kimoja kwa sababu mume wangu alisema samaki mtamu hali.

Mtanga wa Göteborg · #35

Enhe? Ule wa sukari kidogo umekuwaje?

DadaMtwapa · #36

Umechoma ulimi. Mume kala vipande viwili, akahamia mtungi wa pili, akala na chapati hadi chini.

Mzee wa Kalmar · #37

Basi ni siki. Dada alisema tangu #6.

Fundi Chumvi · #38

Au hakuwaroweka vya kutosha. Dada, maji ulibadilisha mara ngapi?

DadaMtwapa · #39

Mara moja.

Fundi Chumvi · #40

Moja! Rudia na mara tatu, kisha tuongee.